Ukoo wa Bi Mkubwa: viatu, vitabu na zawadi za sikukuu

Shangazi wa Wete: Asalaam alaykum nyote. Mama Nasra, nakuja Unguja kumi la mwisho la Ramadhani inshaallah. Nataka viatu vya watoto nivinunue huku huku kabla sijapanda boti, maana nikifika huko Darajani hapapitiki. Nambari zao ngapi?

Mama Nasra: Waalaykum salaam wifi yangu, shikamoo. Nambari usizifuate sana, 29 ya kiatu hiki na 29 ya kile hazilingani. Nakupa sentimita. Nasra 21, Suleiman 18. Nimewapima jana usiku, wamesimama juu ya karatasi.

Shangazi wa Wete: Marahaba. Sasa sentimita mie nizifanyeje dukani?

Mama Nasra: Chukua njiti ya ufagio wa chelewa. Ya Suleiman pima 18, ongeza upana wa kidole gumba, kama sentimita moja hivi, kata. Itie ndani ya kiatu ianzie kisiginoni. Ikipinda, kiatu kidogo. Ikibaki nafasi kubwa mbele, kikubwa. Mwenye duka atakucheka, mwache acheke.

Ami Haji: Mnajisumbua. Mtoto mnunulie nambari mbili mbele, avae sikukuu hii na ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja.

Mama Nasra: Shemegi, nambari moja ni milimita 6 na ushei. Mbili zinapita sentimita nzima, na hapo ushaongeza ile ya kidole. Mguu unateleza mbele, mtoto anakunja vidole kukishika kiatu kisimtoke, akijikwaa uwanjani Mnazi Mmoja mnasema hatazami anapokwenda.

Ami Haji: Sisi tulitia pamba mbele, tukavaa, tukakua.

Khalti Fuoni: Ndo maana mpaka leo unatembea kama bata 😂

Khalti Fuoni: Kwa walio mjini, nendeni na watoto wenyewe, usiku baada ya tarawehe. Mguu wa usiku umejaa kuliko wa asubuhi. Na pimeni yote miwili, haiwi sawa, fuateni ule mkubwa.

Shangazi wa Wete: Suleiman kanipigia simu, anataka vya taa.

Mama Nasra: Najua, na mie kashanichosha. Taa huzimika upande mmoja kabla sikukuu haijaisha, halafu ni kilio. Lakini akikuomba wewe, hayo yenu, mimi simo. Nnachokuomba ni hiki: kikunje kwa mkono. Kipindike pale mbele vidole vinapokunjika. Kikipindika katikati ya unyayo, kirudishe. Soli ikiwa ya gundi tu, mpe fundi viatu aizungushie uzi kabla hakijavaliwa, maana masika yakianza gundi haina lake. Vya mtumba sivikatai, ila tazama chini: soli ikiwa imelika upande mmoja, hicho kishashika mguu wa mtoto mwengine.

Shangazi wa Wete: Na mdogo?

Mama Nasra: Mdogo ndani anatembea peku, na mwache, ndo miguu inapata nguvu. Cha kutokea kiwe laini, chepesi, cha kufunga. Vile vinavyolia pwii pwii kila hatua nakuomba sana wifi, sisi msikiti mlango wa pili.

Ami Haji: Zawadi niachieni mie. Bastola ya taa na gari ya rimoti.

Khalti Fuoni: Ya rimoti tazama pa kuwekea betri, kifuniko kiwe cha skurubu. Vile vibetri vya duara vya kung'aa mtoto akimeza kikamkwama kooni, kinamuunguza ndani kwa ndani, muda wa saa mbili tu unatosha kumharibu. Ukishuku kameza, ni hospitali pale pale, usingoje kukicha. Na nyumba ina wa mwaka na nusu.

Ami Haji: Basi gari ya kamba.

Khalti Fuoni: Hiyo sawa. Na bastola iache dukani, Idi iliyopita tumeamulia ugomvi siku zote nne.

Shangazi wa Wete: Mimi nilifikiria vitabu, au watoto wa siku hizi watanuna?

Mama Nasra: Watanuna ukiwaletea cha skuli. Suleiman a-e-i-o-u anazo darasani, asione sikukuu kaongezewa kazi. Yeye tafuta cha picha kubwa, mstari mmoja au miwili kila ukurasa, na hadithi ndani iwe ya kuchekesha. Miaka mitano hasomi yeye, unasoma wewe, anakusahihisha ukiruka. Nasra mpe Abunuwasi, chochote cha Abunuwasi, anacheka peke yake chumbani. Viwe vya Kiswahili. Vile vya Kiingereza vya watoto wamevaa makoti kwenye theluji vinapendeza, wanavifunua mara moja basi. Mkuki na Nyota, wachapishaji wa Dar, wana vya watoto, ukivikuta chukua.

Mama Nasra: Na usipopata usihangaike. Kwenye simu tafuta African Storybook, hadithi za bure, za Kiswahili zimo tele, na kuzichapisha ruhusa. Mimi nilichapisha chache Michenzani, nikazibana pini. Suleiman anaamini nimenunua.

Khalti Fuoni: Kuna na Maktaba Kuu pale Maisara. Wangu nawapitisha wakitoka skuli, wananipa nafasi ya kwenda sokoni.

Bibi *(ujumbe wa sauti, kaandika Nasra)*: Bibi anasema vitabu hana, paukwa anazo mpaka kunakucha, waleteni watoto walale kwake Idi pili. Na pesa zao za sikukuu keshazichenji mia tano mia tano. Anasema Ami asije kupanga foleni kama mwaka jana.

Ami Haji: Mama jamani.

Shangazi wa Wete: Haya. Viatu jozi tatu, vitabu viwili. Vya taa nampa, mmoja wetu lazima apendwe. Mama Nasra, pesa za viatu vya mdogo na Nasra unanirushia?

Mama Nasra: Usiku huu inshaallah.

Shangazi wa Wete: Na ya kutolea.