Mjadala: Ali Nadim wa Mind Your Language, kipenzi chetu au tusi kwa wageni?

Mwanzisha mada

Wakuu, ubishi juu ya vichekesho vya televisheni ya Uingereza ukizuka, majina huwa ni yale yale: Mr. Bean, Basil Fawlty, Del Boy. Wangu mimi ni Ali Nadim, yule Mpakistani wa Mind Your Language aliyeigizwa na Dino Shafeek. Najua wapo wanaomwona Ali kuwa ni tusi, na hao ndio hasa nataka kuwasikia.

Kwa ambao hawakuiona: ni shule ya jioni huko London, mwalimu ni Jeremy Brown (Barry Evans), na wanafunzi wote ni wageni waliokuja kujifunza Kiingereza. London Weekend Television ilianza kuirusha Desemba 1977. Mwaka 1979 Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa kituo hicho, akaisimamisha kwa kuona inawadhihaki wageni. Ikarudi msimu mmoja tu mwaka 1986.

Sisi tuliitazama Mombasa, sebuleni kwa jirani, watoto chini mkekani. Nyanya hakujua Kiingereza, kwa hiyo baba alikuwa mkalimani wake. Ila Ali akifungua mdomo, nyanya hakungoja tafsiri. Alikuwa akisema, "Huyu anajua anachotaka kusema, ulimi ndio unamkatalia." Sijawahi kusikia mtu akimweleza Ali vizuri kuliko hivyo.

Maana Ali hakosei kwa ujinga. Analishika neno kwa maana ile anayoijua, anajenga jibu lake juu ya hapo, na jibu linasimama kabisa, ila si la swali lile. Nani kati yetu aliyesoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu hajapita hapo? Sisi wengine tulichapwa kwa makosa hayo, tukaanza kuogopa kunyoosha mkono. Ali haogopi. Akirekebishwa leo, kesho ndiye wa kwanza kujibu. Na Ranjeet Singh, Kalasinga wa darasa lile, akimchokoza mambo ya dini, Ali humjibu hapo hapo mpaka mwalimu aingilie kati.

Mr. Bean ananichekesha sana, sikatai. Lakini Bean hana jamaa, hana wa kubishana naye, mara nyingi hana hata maneno. Vituko vyake navikumbuka vyote, yeye mwenyewe simjui.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, nimekusoma kwa makini na bado nakataa. Umemchagua Ali kwa sababu ndiye rahisi kumtetea. Mbona umemruka Taro Nagazumi? Mjapani anayetia "o" mwisho wa kila neno na kuinama kila dakika. Mbona humtaji Su-Lee, Mchina ambaye kila swali analijibu kwa maneno ya Mwenyekiti Mao? Juan, Mhispania, anasifika kwa kutokuelewa chochote. Kila taifa limepewa kilema kimoja, watazamaji wakacheka.

Halafu angalia waliowaigiza. Ranjeet, Kalasinga wa Punjab, aliigizwa na Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. Max Mgiriki ni Kevork Malikyan, Muarmenia aliyezaliwa Uturuki. Danielle Mfaransa ni Françoise Pascal wa Mauritius, na Su-Lee ni Pik-Sen Lim wa Malaysia. Yaani kwa watengenezaji, mgeni ni mgeni tu, ukimvika kilemba au kofia inatosha. Mimi niliishi Uingereza miaka kadhaa. Kazini waliniigiza lafudhi mbele yangu wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kwa hiyo siwezi kumtazama Ali kama mnavyomtazama nyie mkiwa mkekani Mombasa. Grade alifanya sawa.

Mchangiaji wa pili

Nyote mmempita Manuel wa Fawlty Towers. Vipindi 12 tu, 1975 na 1979, na mhudumu yule wa hoteli kutoka Barcelona hasahauliki. Anachapwa na Basil, mwenye hoteli, kila mara, lakini anayeonekana mpumbavu ni Basil. Andrew Sachs aliyemwigiza alizaliwa Berlin na kukimbilia Uingereza akiwa mtoto mwaka 1938, familia ikiwakimbia Wanazi. Ugeni aliujua mwenyewe. Na yule panya wake: anaambiwa ni panya, naye anashikilia ni hamsta, yule mnyama mdogo wa kufugwa, mimi nacheka mpaka leo.

Mwanzisha mada

Dada, pole kwa hayo ya kazini. Taro sina utetezi naye. Ile "o" ni ya mwandishi, haitoki kwa mtu yeyote anayejifunza lugha. Su-Lee pia ungeweza kumwondoa, asipungue mtu darasani.

Lakini kuhusu Grade bado tunapishana. Wale wanafunzi walikuwa na kazi zao: Ranjeet reli ya chini ya ardhi, Giovanni jikoni, Juan baa, Danielle na Anna wakilea watoto wa watu. Ndio waliokuwa wakiiendesha London ile, na kwenye kipindi hiki ndio waliojaa chumba, Mwingereza ni mmoja mbele ya ubao. Waliokucheka kazini walikuwa wengi, wewe uko peke yako. Ali anacheka na wenzake waliokosea dakika moja kabla yake. Kwangu mimi hiyo si dharau ile ile.

Ndiyo maana hata Manuel simweki mbele yake, ndugu. Yuko peke yake kwenye hoteli ya Torquay, hana Mhispania mwenzake wa kumlalamikia, na kipigo hakimwishi. Kipindi kilipopelekwa Uhispania, Manuel aligeuzwa kuwa Mtaliano. Nyanya yangu alikuwa akikasirika Basil akimpiga, akaacha kutazama. Lakini Ali, nyanya alimtazama mpaka kipindi kikaisha.

Dada, nijibu hili moja: Taro na Su-Lee wakiondolewa, darasa lile bado ungelifunga?