Nimeacha kazi Uingereza nimerudi Pemba, kodi nlokatwa zaidi naipataje?

Mwete_wa_Zamani:
Asalaam alaykum jamani. Nlikuwa Leicester nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mwisho wa Novemba nkaacha nkarudi Wete kwa sababu mama hajiwezi na sote watoto tulikuwa mbali. Sasa watu wananambia ile kodi nlokuwa nakatwa kila mwezi kuna sehemu ni haki yangu niregeshewe kwa vile mwaka sikuumaliza. Kuna agenti kanitumia meseji anataka nimpe makaratasi yote na kopi ya pasipoti, afanye yeye halafu achukue karibu theluthi. Mi naona nyingi mno, pesa ile nimeikeshea usiku. Kuna aloifatilia mwenyewe? Na TRA hapa wanahusika?

Kojani_Kwetu:
Waalaykum salaam dada, pole sana na mgonjwa Mungu amuafu. TRA hawahusiki kabisa, wao wanapokea PAYE ya mishahara ya huku, yako ilikwenda HMRC, wale ndo TRA ya Uingereza, na watakaokuregeshea ni wao.

Sababu ya kuwa unawadai ni hii. Mwaka wao wa kodi haufati Januari kama wa kwetu, unaanza 6 Aprili unaisha 5 Aprili. Kila mtu ana pauni 12,570 kwa mwaka zisizokatwa kodi, na mwajiri anazigawa kwa miezi 12, kiasi cha pauni 1,047 kila mwezi, zinazobaki juu yake ndo unakatwa asilimia 20. We umefanya Aprili mpaka Novemba, miezi minane, kwa hiyo msamaha wa miezi minne haujatumika. Tuseme ulikuwa unapata pauni 1,900 kwa mwezi, jumla 15,200, toa 12,570 inabaki 2,630, kodi yake 526 tu. Lakini kwa mwezi mwezi wameshakukata kama 1,364. Hapo unadai pauni 838 na kitu, sasa agenti achukue theluthi ya hiyo kwa kujaza fomu moja!

Fomu yenyewe inaitwa P85, ni ya mtu anaeihama Uingereza, iko bure kwenye tovuti ya serikali yao, unajaza mtandaoni au unachapisha unatuma kwa posta. Ukituma kwa posta utie na P45 sehemu ya 2 na ya 3, ile 1A ni yako weka. P45 ni ile karatasi unayopewa na mwajiri ukiacha kazi, ina jumla ya mshahara na jumla ya kodi tokea Aprili. Kama hukupewa mwandikie mwajiri leo leo, ni haki yako.

Shangani_Forodhani:
Niongeze kidogo hapo. Usifunge akaunti ya benki ya kule mpaka pesa iingie, maana wasipokuwa na akaunti ya kutilia wanatuma cheki, na cheki ya pauni ije Wete kwa posta halafu uanze kuhangaika na benki ya kuipokea ni mateso. Kama ushaifunga, fomu ina pahala pa kuandika mtu unaemuamini apokee kwa niaba yako.

Na anwani, dada, anwani wape hii ya sasa. Usipofanya chochote wao wenyewe baada ya mwaka kwisha huwa wanapiga hesabu na kutuma barua inaitwa P800, sasa barua ikienda kwenye chumba ulichohama nani ataisoma? National Insurance, yale makato ya bima ya jamii, lakini usiitie kwenye hesabu, hiyo hairegeshwi kwa njia hii. Na linki yoyote ya meseji inayosema bonyeza hapa upokee rifandi yako ifute, HMRC hawatumi meseji za hivyo, na huyo agenti kopi ya pasipoti usimpe.

Mwete_wa_Zamani:
Allah awalipe kheri nyote, P45 ninayo. Ila nlikuwa na kazi ya pili, Jumapili tu, peislipu yake kwenye alama ya kodi (tax code) imeandikwa BR, ile kubwa imeandikwa 1257L. Na mwaka wa 2022/23 pia nlifanya miezi michache tu, ushapita huo?

Kojani_Kwetu:
BR maana yake kila pauni imekatwa asilimia 20 bila msamaha wowote, kwa sababu msamaha wote umewekwa kwenye ile 1257L. Si kosa, ila jumla ya kazi zote mbili ndo inayohesabiwa, kwa hiyo P45 ya Jumapili nayo itie humo humo. 2022/23 bado, wanakupa miaka minne toka mwaka wa kodi uishe, mwisho wake 5 Aprili 2027. Huo tafuta P60 yake, karatasi ya mwajiri ya jumla ya mshahara na kodi ya mwaka mzima, kama ulikuwepo kazini mwaka unaisha, kama uliacha kabla basi P45, halafu andika madai yake mbali, usiyachanganye na P85.