Waliniajiri ili wajaze asilimia 3 ya wenye ulemavu, programu ya bure ya kufanyia kazi wananinyima!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimevurugwa, mtanivumilia.

Mimi sioni. Shule nimesoma, shahada ninayo, nipo huduma kwa wateja kwenye kampuni moja hapa Dar. Jina nalihifadhi maana bado nakula hapo. Nilipoanza nilipigwa picha na fimbo yangu nyeupe, mkurugenzi kanishika bega, picha ikapamba ripoti ya mwaka. Makofi.

Sasa njooni ofisini. Kompyuta niliyopewa ni bubu. Kwa wasiojua: asiyeona anatumia programu inayomsomea kilichopo kwenye skrini. Sikio moja linasikiliza kompyuta, lingine linamsikiliza mteja, vidole vinaandika. NVDA, ambayo ndiyo nimeizoea, ilianzishwa 2006 na Waaustralia wawili ambao nao hawaoni, na ni BURE. Si lazima hata uiweke kwenye kompyuta, unachomeka flashi inafanya kazi. Kiswahili inasoma, kwa lafudhi ya kiroboti lakini inasoma.

Nikaomba. IT wakasema sera ya usalama hairuhusu flashi wala programu ya nje. Sawa, basi iwekeni nyinyi wenyewe. Wakanijibu, nenda HR (idara ya rasilimali watu). HR akasema andika barua, tutaiingiza kwenye bajeti ijayo. Bajeti ya kitu cha shilingi sifuri! Barua nikaandika, nikakumbusha, nikakumbusha tena. Kimya.

Kwa hiyo mteja akipiga, malalamiko nayasikiliza mimi, halafu namwomba jirani yangu wa meza aache kazi yake aniingizie kwenye mfumo. Majuzi tathmini imetoka, nimeandikiwa "kasi ndogo ya kuingiza taarifa". Mnaniona nacheka?

Na memo zao. Mtu anachapa kwenye kompyuta, anaprinti, anagonga muhuri, anaskani, anatutumia kwa barua pepe. Nikiifungua kwenye simu yangu, ambayo inaongea, haisomi kitu kwa sababu hiyo ni picha, maandishi hakuna. Barua ya mshahara WANGU nilisomewa na dada wa mapokezi, kwa sauti, watu wanapita.

Jamaa yetu wa kiti mwendo naye ana yake. Choo chenye mlango mpana kipo, kimegeuzwa stoo ya ndoo na mafagio. Akibanwa, aanze kumtafuta mwenye ufunguo.

Ukiwagusa wanakutajia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010: mwajiri mwenye watu 20 au zaidi, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. "Sisi tumetimiza." Mmetimiza vichwa! Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kazini. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho anayoyahitaji ni ubaguzi, labda yawe mzigo usiobebeka. Haya, programu ya bure ina mzigo gani? Au kuifungua ile stoo?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mkataba ukiisha watasema "tulimjaribu kipofu, hakuweza", na anayekuja nyuma yangu hatapewa hata usaili.

Sasa wanasheria wa humu, nisaidieni. Nataka kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, nikiwa bado kazini. Najua mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa upelekwe ndani ya siku 60. Zinahesabiwa kuanzia barua yangu ya kwanza waliyoikalia, au kuanzia siku niliyopewa hiyo tathmini? Nakala za barua ninazo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa.

Na wewe unayekuja kuniambia "shukuru hata una kazi", pita uzi mwingine.