Fundi kaongeza sauti ya redio ili nisisikie injini inagonga. NIMESEMA REDIO!

Mzaramo wa Turbo:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nimetoka gereji sasa hivi, hata maji sijanywa. Huyu fundi mnamjua. Wote humu mnamjua, msijifanye. Yule wa kontena, mwenye laptopu yenye stika nyingi kuliko basi la mkoani. Yule anayekuita "bosi wangu" mpaka hela iingie, ikishaingia tu unakuwa "nani yule mwenye ya bluu".

Gari yangu ni Subaru Impreza WRX ya 2003, injini EJ205, gia za mkono. Nimekaa nayo miaka 3, haijawahi kuniwashia taa ya injini hata siku moja. Nikasema niiongezee nguvu kidogo. Tukakubaliana naye: bomba kubwa kuanzia kwenye turbo hadi nyuma bila masega ya kusafisha moshi, kichujio cha hewa cha wazi, ile valvu ya pshhh, busti (presha ya hewa ya turbo) ipande kidogo, na ramani ya kontroboksi, ile kompyuta ya injini, iandikwe upya. Hiyo ya mwisho nilimwambia mara 3. Mara ya 3 nilimshika bega. Milioni 2 na laki 8, nikalipa yote.

Nikakaa bila gari siku 9. Naichukua, naingia Bagamoyo Road, nakanyaga gia ya 3, geji ya busti inapanda inapita 1, inapita 1.2, ghafla gari inashtuka kama imekabwa. Ikashtuka tena. Nikarudi. Akasema "hiyo ndogo sana bosi wangu", akafunga kidude fulani pembeni ya kontroboksi, haikushtuka tena. Geji ikaenda mpaka 1.4. Nikafurahi mimi! Nikampigia simu kumshukuru!

Leo asubuhi Tegeta, naondoka kwenye taa, nasikia tak tak tak. Nikiachia mafuta inapungua, nikikanyaga inarudi. Nikaenda polepole kama nimebeba mayai ya kijiji kizima, mpaka kwake.

Nikamwambia, fundi, sikiliza hii. Akaja anatafuna. Injini inagonga tak tak tak utadhani kuna mtu ndani anapigilia bati. Hakufungua boneti. Hakuchomoa kijiti cha oili. Aliingiza mkono dirishani, mkono umejaa grisi, akashika kitufe cha redio YANGU, akazungusha mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, mbele ya wateja watano na mama ntilie na yule kijana wake wa kubana matairi:

"Bado unasikia?"

Wakuu. Redio.

Wakacheka. Mama ntilie akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Na yeye akaongeza: "Huo ndio mlio wa boksa, bosi. Ulitaka Subaru au ulitaka cherehani?" Mimi nimekaa kwenye kiti changu, kwenye gari yangu, taarabu inanipasua masikio, na chini injini inakufa. Ningetukanwa mama yangu ingeniuma, lakini hiyo ya redio itaniamsha usiku nikiwa na miaka 80.

Kitufe mpaka sasa kina alama ya dole gumba lake la grisi. Sijafuta. Sifuti.

Mpita Kimara:

Ngoja waje. Nimekaa pale na karanga.

Kijiti cha Oili:

Mkuu pole sana. Kwanza zima hiyo gari na usiiwashe tena hata kuihamishia kivulini. Mlio wa boksa, yaani hizi injini za Subaru zenye silinda zilizolala, unatoka nyuma, kwenye ekzosi, kwa sababu mabomba ya manifoldi hayalingani urefu na moshi unafika kwenye turbo kwa kupishana. STI za Japani, zile Impreza kali zaidi, zenye turbo ya njia mbili zina mabomba yanayolingana na wala haziungurumi hivyo. Tak tak inayotoka chini kwenye sampo, bakuli la oili, ukikanyaga mafuta siyo mlio wa boksa. Hiyo ni beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), inakuaga.

Ile kushtuka ya mwanzo, kontroboksi ilikuwa inakuokoa. Busti ikizidi kiwango ilichopangiwa, inakata mafuta makusudi. Kidude alichofunga kinaidanganya ione busti ndogo. Na busti kaipandishaje bila ramani? Nina hakika kakufungia kale kaskrubu kwenye mpira wa turbo, ka kuvujisha hewa inayofungua valvu ya kupitishia moshi pembeni ya turbo. Ukikazungusha busti inapanda, basi, hana habari na petroli inaingia kiasi gani. Injini ikiwa kwenye busti inataka kama sehemu 11 za hewa kwa 1 ya petroli, siyo 14.7 kama unapotembea taratibu. Ulimwona akifunga saa ya kupima mchanganyiko kwenye ekzosi hata mara moja?

Mzaramo wa Turbo:

Hapana. Laptopu aliifungua lakini alikuwa anaangalia mpira.

Lakini mkuu, hata ya beringi naweza kuimeza. Injini ni chuma. Ila mtu mzima, na mvi zake, anyooshe mkono ndani ya gari yangu aongeze REDIO?

Binti wa Mbagala:

Milioni 2.8 kununua pshhh. Mimi pshhh naisikia bure kila siku, daladala likisimama kituoni.

Kijiti cha Oili:

@Binti wa Mbagala na hiyo pshhh yenyewe ni hasara kwenye Subaru hii. Sensa imeshaipima hewa inapoingia, kontroboksi imeshatoa petroli ya kutosha hewa hiyo, halafu unaimwaga nje unapobadilisha gia. Petroli inabaki haina mwenzake, ndiyo maana wengine ekzosi zinatoa moshi mweusi na plagi zinafunga masizi. Kiwandani hewa ile ilirudishwa ndani, kimyakimya.

Shemeji wa Turiani:

Nilichoelewa mimi ni hiki. Kontroboksi ilipolalamika, kaiziba mdomo. Injini ilipolalamika, kaongeza redio. Huyo fundi akiwa daktari, mgonjwa akilia anawekewa spika wodini 😂😂😂

Mzaramo wa Turbo:

Sicheki ndugu yangu. HASWA. Ndicho alichofanya. "Bado unasikia?" Yaani na mkono bado uko kwenye kitufe.

Mjomba Spana:

Mimi ni fundi, na mniache niseme. Wateja wa turbo ndio wanaotuua. Mtu anakuja na Impreza ya kilomita laki 2, oili alimwaga lini hajui, taimingi belti haijulikani, anataka nguvu za STI kwa bei ya kupaka rangi Vitz. Ukimwambia tupime mgandamizo wa silinda kwanza, anasema unataka kumpiga. Ukimwambia gari hizi Japani zilipangiwa petroli ya oktani ya juu, ukipandisha busti kwa petroli ya kituo cha jirani injini italipua mafuta kabla ya wakati wake, anakwambia "fulani kafanya na inatembea". Inatembea, eeh, mpaka pistoni ya nne ipasuke mahali pa ringi. Juzi mmoja kaniletea turbo kaitoa Shaurimoyo, shafti inacheza kama jino la mtoto, ananiambia nifunge nimpe waranti. Waranti ya turbo ya kuokota!

Mzaramo wa Turbo:

Mjomba, mimi oili nilimwaga kila kilomita 5,000 na risiti ninazo zote kwenye bahasha. Usiniweke kundi hilo. Na wewe mteja akikuletea gari inagonga, unaongeza redio?

Mjomba Spana:

Siongezi. Hilo kakosea.

Mzaramo wa Turbo:

Asante. Fundi mwenzake kasema. Andikeni hiyo.

Mlima Londiani:

Pole ndugu yangu kutoka hapa Nairobi. Makanika wangu alichukua STI yangu "kuipima barabarani" Ijumaa. Jumamosi binamu yangu akaniona kwenye harusi Machakos. Mimi nilikuwa nyumbani nimelala. Gari ndiyo ilikuwa harusini, imefungwa riboni, imebeba maharusi! Jumatatu ameniletea na maua bado yako kwenye intakula, kile kipoza hewa cha turbo. Akasema nimshukuru kwa sababu ameiosha.

Binti wa Mbagala:

Hii ya Machakos imeifunika ya redio, tuwe wakweli.

Mzaramo wa Turbo:

Haijaifunika!! Yako ilirudi nzima, na maua juu.

Mlima Londiani:

Kweli ilirudi. Subaru haifi ovyo. Dereva McRae alishinda mbio za Safari Rally 1997 na Impreza, Burns akashinda tena 2000 na Impreza. Barabara za kwetu ndizo zilizoijenga sifa ya hii gari, si hizo lami zenu za Tegeta.

Evo Moja Tu:

Subaru haifi? 😂 Mwenye uzi anazika yake leo. Tuhesabu vizuri sasa. Safari 1996 Mäkinen, Mitsubishi Lancer. 1998 huyohuyo Burns wenu, Mitsubishi Carisma, ambayo chini ya bati ni Evo, yaani Lancer Evolution. 2001 Mäkinen tena, Lancer. Hiyo ni 3 kwa 2. Na kabla Subaru hawajajua Nairobi iko wapi, Joginder Singh alishachukua 1974 na 1976, Lancer.

Mlima Londiani:

Joginder tunamheshimu, ni wetu, lakini 1965 alishinda na Volvo. Kwa hiyo ni mikono ya Joginder, wala si Lancer. Na unamsahau Patrick Njiru, 1993, Safari nzima na Subaru Vivio. Vivio! Injini cc 660! Akamaliza wa 12, wakati magari makubwa yanaachwa porini. Wewe na Evo yako hata Chalinze unafika na mtu wa kuvuta nyuma.

Evo Moja Tu:

Nimefika Mbeya mara 4, Kitonga napanda gia ya 4. Uliza trafiki wa tochi, wananijua kwa jina.

Mzaramo wa Turbo:

Wakuu, tumetoka kwenye mada. Nimerudi na mrejesho. Nimeivuta kwa breakdown hadi kwa fundi mwingine, tumemwaga oili kwenye beseni jeupe. Inang'aa. Inang'aa kama rangi ya metaliki, ukiitikisa beseni unaona vumbi la shaba linatembea. Sampo imeshushwa, konrodi moja ukiishika kwa mkono inacheza juu na chini. Beringi imeisha kabisa, imebaki kama karatasi ya sigara. Kranki imechubuka. Kale kaskrubu kapo, kamefungwa kwa waya wa kubania nguo. Ramani haikuguswa, ni ileile ya kiwandani.

Nimempigia. Anasema nilete gari "aisikilize". AISIKILIZE. Kwa sikio lipi? Lile alilolizibia redio?

Kijiti cha Oili:

Usitafute beringi za kupachika, kranki iliyochubuka itazila wiki mbili. Ukipata injini nyingine, safisha au badilisha kipoza oili na mabomba ya oili ya turbo, kwa sababu hilo vumbi limeshaingia kote. Wengi wanafunga injini mpya inaugua palepale, wanasema ni mkosi.

Mzaramo wa Turbo:

Nimekuelewa mkuu, hili nalifanya. Mungu akubariki.

Shemeji wa Turiani:

Mkuu, na redio yenyewe ni ya aina gani? Maana kama imefunika konrodi inayogonga basi spika ziko vizuri.

Mzaramo wa Turbo:

Shemeji, naomba unikome.

Mzee wa Brevis:

Nyie mnalia turbo, mna bahati. Mimi nina Toyota Brevis yenye injini ya D4. Niliambiwa ni 1JZ, injini yenye sifa, nikafurahi, kumbe ni ile FSE, petroli inasukumwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Pampu ya presha imekufa. Kila fundi mjini ananiambia "D4 hiyo mzee" halafu anaondoka, kama vile nimemwonyesha maiti. Hakuna anayeniongezea hata redio.

Binti wa Mbagala:

Brevis! Baba yangu anayo, imeegeshwa chini ya mwembe tangu nipo kidato cha pili. Kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma.

Evo Moja Tu:

D4 ni janga la taifa. Mimi niliinunulia pampu ya kutumika mara 2, zote zikafa ndani ya mwezi.

Mzaramo wa Turbo:

Jamani uzi ni wa redio.

Mpita Kimara:

@Evo Moja Tu kumbe na wewe ulikuwa na D4? Na ile Evo?

Evo Moja Tu:

Evo ni ya kaka. Naiendesha akisafiri.

Mlima Londiani:

😂😂😂😂😂

Mzee wa Brevis:

Evo, hizo pampu ulizipata maduka ya Gerezani au Mwenge? Na walikupa za kujaribu au ukishafunga hairudishwi? Yangu sasa inazimika kila foleni ya Ubungo, naisukuma na mke wangu.