Mlima Emei na meli ya mto Yangtze nikisubiri mzigo Guangzhou: nianze na kipi?

Bi_Vitenge

Wakuu habari za humu. Msaada tutani.

Kila nikienda China safari yangu ni ile ile: uwanja wa ndege, hoteli ya Xiaobei, masoko ya vitambaa, ghala la wakala, uwanja wa ndege tena. Miaka yote hiyo China ninayoijua ni Guangzhou na kidogo Yiwu. Mwaka huu oda nimeituma mapema, kiwandani wanasema mzigo utakuwa tayari katikati ya Novemba, kwa hiyo nina kama wiki mbili za kukaa tu nikisubiri kuukagua na kuupakia. Mume wangu kanipa baraka zote. Anasema bora nikatembee kuliko kubaki sokoni na hela mkononi.

Nataka nibebe begi la mgongoni niingie ndani ndani. Vitu viwili vimenikaa rohoni: meli zinazoshuka mto Yangtze kutoka Chongqing zikipita Makorongo Matatu, na Mlima Emei kule Sichuan, ambao mahujaji wa Kibudha wanaupanda kwa miguu wakilala kwenye mahekalu njiani.

Naomba ushauri: nianze na kipi? Mimi ni Muislamu, je, kulala hekaluni na kula chakula chao kukoje? Kichina changu ni cha kuteta bei tu. Umri umeshavuka arobaini na magoti yanalalamika nikipanda ghorofa ya tatu Kariakoo. Na viza yangu ni ya biashara, wasije wakanishika huko mikoani wakaniuliza vitambaa viko wapi.

Natanguliza shukrani.

Kijiwe_Nongwa

Nimekaa paleee na kahawa na kashata. Uzi wa China usio wa kontena wala simu feki, hii mpya.

Mwana_Chongqing

Dada karibu. Niko Chongqing kimasomo, huo mto nauona nikifungua dirisha.

Mlima kwanza, mto baadaye, na mto ushuke nao, usiupande. Sababu ni hayo magoti uliyoyataja. Emei siyo njia ya udongo, ni ngazi za mawe toka chini mpaka juu. Ukimaliza utatembea kama kaa kwa siku kadhaa, na hizo ndizo siku za kukaa kwenye kiti sitahani ukiangalia majabali yakipita. Ukianza na meli unafika mlimani umenenepa, halafu unaumia, halafu unakwenda kukagua mzigo ukiwa unachechemea.

Njia yenyewe: ndege toka Guangzhou hadi Chengdu. Treni ya kasi Chengdu hadi Emeishan haifiki saa mbili. Ukishuka mlimani unarudi Chengdu, unachukua treni ya Chongqing, saa moja na nusu hivi. Meli nyingi zinaondokea Chaotianmen, pale mto Jialing unapoingia Yangtze, ila angalia tiketi vizuri, nyingine wanawapeleka abiria kwa basi hadi bandari ya chini zaidi. Kushuka hadi Yichang ni siku nne na usiku tatu. Kupanda toka Yichang wanaweka tano, mnapingana na maji. Toka Yichang unapanda treni kupitia Wuhan, umerudi Guangzhou.

Meli ziko za namna mbili. Kuna za kitalii kabisa, zenye mwongozaji wa Kiingereza, chumba chenye roshani na chakula ndani ya bei. Na kuna za watalii wa kawaida wa Kichina: vyumba vya vitanda vinne, matangazo yote kwa Kichina, chakula unajilipia, au unafanya kama wenzako, tambi za kumwagia maji ya moto. Maji ya moto yapo saa zote, beba majani yako ya chai. Kwenye zile za kitalii uliza mapema: bei wanayotangaza ni ya mtu mmoja kwenye chumba cha wawili, ukitaka kulala peke yako unaongeza. Na matembezi ya nchi kavu mengine yamo kwenye tiketi, mengine wanakuuzia mkiwa safarini, abiria hana pa kukimbilia. Wewe ni mtu wa Kariakoo, sina wasiwasi na wewe.

Kitu kimoja usikikose. Mnapokaribia Kuimen, mlango wa korongo la kwanza, Qutang, kipaza sauti kinawaamsha wote. Hapo utaona watu na majaketi juu ya nguo za kulalia, kila mmoja kashika noti ya yuan 10 mbele ya uso, jicho moja limefumba, wanailinganisha na mlima. Picha ya nyuma ya noti ndiyo hiyo hapo. Beba noti yako, maana siku hizi watu wanalipa kwa simu, meli nzima mnaweza kugombea noti moja.

Qutang ni fupi, kilomita nane tu, na ndiyo kali kuliko zote. Linafuata Wu, halafu Xiling ambalo ndilo refu zaidi. Ila usiende na picha za zamani kichwani. Bwawa la Makorongo Matatu walianza kulijenga 1994, na likijaa maji yanafika mita 175 juu ya usawa wa bahari. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa, miji kama Fengjie na Wushan ya zamani iko chini ya maji, hiyo unayoiona mlimani ni mipya. Shibaozhai, lile jengo jekundu la mbao la ghorofa 12 lililoegemea mwamba, sasa limezungushiwa ukuta katikati ya maji, limekuwa kisiwa. Mimi bado naona panapendeza. Wenyeji wazee ukiwauliza wanakaa kimya kwanza.

Novemba ni mwezi mzuri. Bwawa limejaa, mafuriko ya kiangazi yamepita, na huko Wu majani ya milimani yanaanza kuwa mekundu. Ukungu utakuwepo, huo hauna msimu.

Mpanda_Ngazi

Mimi mtu wa Moshi, nimefundisha Sichuan, Emei nimeupanda. Naongezea alichoacha mkuu hapo juu.

Kilele cha Jinding ni mita elfu tatu na kitu. Kwa kipimo cha nyumbani, kwa vibanda vya Kilimanjaro, ni juu ya Mandara na chini ya Horombo, kwa hiyo hewa haitakusumbua sana. Kitakachokusumbua ni ngazi, na hasa kushuka. Kupanda unahema, unapumzika, unaendelea. Kushuka ndiko goti linakoomba talaka.

Habari njema ni kwamba si lazima upande yote. Kuna mabasi ya mlimani yanayofika Leidongping, na toka hapo ni mwendo mfupi hadi Jieyindian penye kiberenge cha kamba kinachokufikisha juu. Kwa mtu wa magoti ningefanya hivi: basi hadi Wannian, kiberenge cha pale hadi hekaluni, umuone yule Puxian, mtakatifu wa Kibudha, wa shaba juu ya tembo, walimsubu mwaka 980 na anazidi tani 60. Toka hapo tembea kwa miguu kupitia Huayanding hadi hekalu la Xixiangchi, ulale. Kesho yake panda hadi Leidongping, malizia kwa kiberenge, na kushuka teremka kwa basi. Usione aibu, utakutana na mabibi wa miaka sabini wanapanda yote na vijana wa mjini wanapanda basi.

Wakina mama hao ndio safari yenyewe. Wamevaa viatu vya kitambaa, mfuko wa njano begani, kila hekalu wanasimama, udi, kuinama mara tatu, kigongo mkononi, wanaendelea. Wakikuona watakupa karanga na watataka picha. Ukichoka na picha sema "xiexie" (asante) na uendelee kutembea, hawakasiriki.

Kima sasa. Wako kundi zima juu kidogo ya hekalu la Qingyin na tena karibu na Xixiangchi, wakubwa, wanene, hawaogopi mtu. Mfuko wa plastiki kwao ni chakula hata kama umeweka soksi. Kila kitu ndani ya begi, zipu imefungwa, chupa ya maji isining'inie pembeni. Nunua kile kigongo cha mwanzi kinachouzwa chini, kinasaidia magoti na kinakupa heshima. Wakikusogelea onyesha mikono mitupu, usicheke nao, usiwakodolee macho.

Baridi: Novemba juu kunaweza kuwa na theluji. Leidongping wanakodisha makoti mazito, na vyuma vya kufunga chini ya viatu barafu ikishaanza. Kiingilio cha mlima ni yuan 160 msimu wa watalii na 110 msimu wa baridi, basi na viberenge unalipia mbali.

Mzee_wa_Kontena

Mama, viza ya biashara haikuzuii kutembea. Ukishaingia China unazunguka mikoa, ukiondoa Tibet ambako kuna kibali chake. Cha kuangalia ni siku ulizogongewa kukaa. Ile misamaha ya viza wanayoisikia watu, ya kupita China kwa saa 240, Mtanzania na Mkenya hatumo, asije mtu akasoma uzi huu akapanda ndege bila viza.

Hoteli ikikuandikisha kwa pasipoti taarifa zako zinafika polisi wenyewe. Ukilala kwa rafiki, mkaripoti kituoni ndani ya saa 24. Hoteli ndogo za mikoani zingine zitakuambia hawapokei wageni, mara nyingi ni mhudumu hajui kujaza ile fomu ya pasipoti. Serikali yao imeshasema wasikatae, lakini saa nne usiku na begi mgongoni hutashinda ubishi huo, weka nafasi mapema na uulize.

Alipay na WeChat, programu za kulipia kwa simu, unganisha na kadi yako ya benki kabla hujaondoka Guangzhou. Tiketi za treni zote zinakwenda kwa pasipoti, programu ni 12306. Na pawabenki: tangu mwishoni mwa Juni 2025, ndege za ndani hazipokei isiyo na alama ya 3C, ile ya ubora ya China. Hizo za Kariakoo nyingi hazina. Kanunue nyingine hukohuko.

Mwisho, mzigo. Usimwachie wakala akague peke yake eti kwa sababu uko mlimani.

Forodhani_Jioni

Assalaam alaykum bibi. Kwenda kuangalia milima na mito ya Mwenyezi Mungu hakuna ubaya, na kuingia hekaluni kutazama tu, muulize sheikh unayemwamini. Lakini kulala humo, pakiwa na hoteli, mimi ningekaa mbali.

Mwana_Chongqing

Sheikh, hayo mahekalu yana vyumba vya wageni pembeni, mtu halali penye sanamu.

Forodhani_Jioni

Nimekuelewa kijana. Nimesema ningekaa mbali mimi, sikumkataza.

Mama_Kizingo

Mimi wa Mombasa, nilienda na mwanangu, na hijabu yangu kichwani. Dada, Leidongping kuna hoteli na Jinding kuna hoteli. Shida ni katikati, Xixiangchi, huko chaguo ni chumba cha hekalu. Sisi tulilala. Kitanda, blanketi la umeme, choo cha nje, basi. Kengele yao alfajiri ikatuamshia swala. Kibla tafuta magharibi, si kaskazini kama kwenu Dar. Usiyetaka, panda basi hadi Leidongping siku hiyo hiyo, utakosa kipande cha njia lakini moyo utakuwa umetulia.

Chakula cha hekaluni ndicho kisicho na wasiwasi kuliko vyote: nyama haiingii jikoni, hata vitunguu na vitunguu saumu hawatii. Wali, tofu, uyoga, kabichi. Mjini tafuta mabango ya "qingzhen" (halali), mara nyingi yana rangi ya kijani na maandishi ya Kiarabu, na yale maduka ya tambi za Lanzhou yako kila mji. Chongqing kuwa macho, ule mchuzi wao mwekundu maarufu unapikwa kwa mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hujui kachinjwaje.

Kwenye meli waambie siku unayokata tiketi, si siku ya kupanda. Sisi kampuni moja ilituahidi chakula cha Waislamu, tukafika mezani tukaonyeshwa mayai. Siku nne za mayai.

Kibegi

Mbona hamjamwambia Wudang? Iko Hubei, mkoa ule ule wa Yichang. Ni ya Watao, dini nyingine ya Kichina, kilele mita 1,612 tu, na juu kuna Ukumbi wa Dhahabu wa shaba uliopakwa dhahabu tangu 1416. Akishuka kwenye meli anamalizia hapo.

Mpanda_Ngazi

Wudang nzuri, lakini hao mahujaji anaowataka atawakuta wengi Emei. Na anaanza na goti bovu, wewe unamwekea mlima mwishoni, siku anayotakiwa ghalani?

Kibegi

Hapo umenishinda.

Bi_Vitenge

Wakuu nimesoma yote, Mungu awabariki. Mlima kwanza. Nitalala Leidongping, Xixiangchi nitapita kwa miguu mchana nikishuka kidogo kuiangalia halafu nirudi juu kwenye basi. Mume kacheka sana hapo kwenye mayai, anasema nibebe dengu za kukaanga.

Swali la mwisho: meli nikate tiketi nikiwa Dar au nisubiri Chongqing?

Mwana_Chongqing

Hiyo kutoka Leidongping kushuka Xixiangchi na kurudi juu ni ngazi za kweli, usiite kidogo. Fanya siku yenye jua, anza asubuhi.

Meli ya kitalii kata mapema kama tarehe za mzigo hazitasogea. Zikisogea, subiri Chongqing: Novemba haina sikukuu, mawakala wamejaa Chaotianmen, na bei ya siku mbili kabla ya kuondoka inateteka. Kabla hujalipa waambie wakuonyeshe kwenye karatasi meli inaishia wapi. Nyingi zinaishia Maoping, juu ya bwawa, halafu basi hadi mjini Yichang. Ukikata treni ya jioni hiyo hiyo acha nafasi ya kutosha, kwa sababu kuna kutembezwa bwawani na kundi zima, na daima kuna mzee mmoja amepotea.