Kabla tingatinga haijaingia ufukweni, nani apite kwanza?

Kisimani: Jamani mnaonaje, iwe lazima watu wa akiolojia, wale wanaochimbua mabaki ya kale, wapite kabla hujajengwa kitu chochote kikubwa ufukweni kuanzia Vanga mpaka Kiunga? Sisemi kibanda cha nyanya yako, nasema hoteli, bandari, ploti za kugawa. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006 inataka ukikuta kitu cha kale utoe taarifa, lakini tingatinga haikuti kitu bwana, inapita tu. Mji wa kale wa Shanga, kule kisiwani Pate, walichimba chini ya msikiti wa mawe wakakuta misikiti mingine ya miti, na kilichobaki ni mashimo ya nguzo tu, udongo umegeuka rangi. Dereva ataona nini hapo?

PlotiSafi: Haya tukae njaa tukisubiri watu wa brashi. Na analipa nani? Mwenye ploti. Vijana wakose kazi kwa ajili ya magofu ya Waarabu.

BintiPate: Magofu ya NANI?

PlotiSafi: Ya Waarabu, ama Washirazi, vyovyote. Tulisoma shuleni.

BintiPate: Ulisoma Kirkman, yule Mwingereza wa akiolojia, ukafikiri ni msahafu. Alichimba magofu ya Gede miaka ya 40 mwishoni, akaona misikiti na kaure za China, hakuamini Mswahili angeweza. Ule utafiti wa 2023 wa DNA ya Waswahili wa kale waliozikwa pwani ulionyesha mama zetu ni Waafrika, basi.

MzeeDau: Mbona umekata, binti yangu? Na baba walitoka wapi? Malizia.

BintiPate: Wengine Uajemi, sijakataa shekhe. Lakini Lamu msichana akiolewa nyumba ilikuwa ya nani? Mume alihamia kwa mke. Sasa niambie nani mgeni wa nani.

MzeeDau: Hahaha hapo umenipata nusu.

PlotiSafi: Nyumba za wakwe zinahusu nini na hoteli?? Mtu ana hati yake mkononi.

Kisimani: Hati ya juzi, ndugu yangu. Na kwa hiyo ya nani analipa, bandari ya Lamu unaikumbuka? Wavuvi walienda kotini, na 2018 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni moja na kitu, na haki ya utamaduni ilitajwa. Bora kulipa watu wa brashi wiki tatu.

FundiChokaa: Mimi nilifanya kibarua cha kuchimba msingi, kampuni siitaji. Tulitoa vigae vya vyombo karai nzima, vingine vinang'aa kijani kinachoelekea buluu, na ukuta wa matumbawe umelala hivi kama umelaliwa na ng'ombe. Msimamizi akasema mwaga zege kabla ya saa kumi. Na ripoti ya mazingira ilikuwepo, ilisema hapana kitu, kwani aliyeiandika alilipwa na nani kama si mwenye ploti huyohuyo? Hiyo survei mnayoitaka itakuwa vilevile.

PlotiSafi: Na wewe ukamwaga?

FundiChokaa: Nikamwaga. Ungenilishia watoto wewe?

BintiPate: Hakuna hata kimoja ulichoweka kaka?

FundiChokaa: Kimoja, kitako cha mtungi. Mke wangu anazuilia mlango.

MzeeDau: Hebu subiri. Kijani kinachoelekea buluu, kinang'aa? Hicho kimetoka Ghuba ya Uajemi hicho. Si nilisema?

BintiPate: Mzee weee. Mtungi wa kununua nao unakupa baba?