Naomba ushauri: tujikinge wapi ndani ya nyumba upepo mkali unapovuma?

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu usalama wa familia yangu wakati wa dhoruba. Nyumba yetu ina paa la mabati, na mti mkubwa umeinamia upande wa vyumba vya kulala. Usiku wa mvua iliyopita, upepo ulipoanza kunyanyua ukingo wa paa, tulibaki tumesimama sebuleni bila kujua pa kukimbilia.

Nafahamu kwamba inatupasa kukaa mbali na madirisha, kuzima swichi kuu ya umeme kabla maji hayajaingia, na kutothubutu kuvuka maji yaendayo kasi, kwa kuwa hata kina cha sentimita 15 kinaweza kumwangusha mtu mzima. Kinachonitatiza ni mama yangu, ambaye hatembei bila kusaidiwa. Je, nimhamishie mapema kwa majirani wenye nyumba imara, au nimweke kwenye korido ya katikati isiyo na dirisha? Wapo wanaonishauri nifungue madirisha ili upepo upite, jambo ninaloliona la hatari, kwani upepo ukishaingia ndani hulisukuma paa kutoka chini.

Na ule mti, je, inatosha kupunguza matawi, au niukate kabisa?